Mkopo mmoja, laptopu tatu: nichague ipi kwa picha za chini ya maji?

SWALI

Mpendwa Mshauri, salamu kutoka Mbeya.

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili. Kazi yangu ni kupiga picha. Harusi na kipaimara ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, lakini kazi ambayo moyo wangu uko kwake, na ambayo imeanza kuleta hela ya kueleweka, ni picha za chini ya maji. Nashuka Matema, Ziwa Nyasa, na kundi la wazamiaji wanaokuja na mitungi na kompresa yao. Tunazamia upande wa miamba, kuelekea Ikombe, ambako mbuna, wale samaki wadogo wa bluu na njano, wamejaa. Wazamiaji wananunua picha zao, na mwisho wa mwaka natengeneza kalenda ambazo nyumba za wageni huagiza.

Kamera yangu ni ya megapikseli 24. Napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na kila picha inachukua kama MB 30. Siku nzuri narudi na picha 400 hivi pamoja na dakika 20 za video ya 4K, na safari huwa siku sita. Kadi ninayo moja ya GB 64, kwa hiyo kila jioni nimekuwa naihamishia kwenye diski ya mwenzetu mmoja halafu naifuta. Safari iliyopita diski yake, ile ya kuzunguka, iliteleza kwenye benchi la boti ikaanguka. Ukiichomeka inagonga tu, tak, tak, na kompyuta haiioni. Picha za watu kadhaa, pamoja na zangu nyingi, zilikwenda hivyo hivyo.

Nimeamua kuwa na laptopu yangu. Kikundi chetu cha VICOBA kiko tayari kunikopesha shilingi 1,500,000, na mdhamini ni mume wangu. Hapo ndipo mzozo ulipoanzia.

Mume wangu ana steshenari ndogo: kutoa kopi, kuchapa, kuwajazia watu fomu mtandaoni. Anasema kama ni mkopo wa nyumba moja, basi tununue mashine moja itakayofanya kazi dukani, mimi niichukue siku za safari. Ameona laptopu mpya kwenye boksi, skrini inchi 15.6, prosesa ya Celeron N4020, RAM GB 4, diski ya TB 1, kwa 850,000. Anasema TB 1 itameza picha zangu za miaka.

Shemeji yangu aliyeko Dar anataka kuniuzia MacBook Air M1 yake yenye GB 256 kwa 1,400,000, nilipe kidogo kidogo. Ni nzuri, nimeishika. Ila ikichukua karibu mkopo wote, nabaki bila diski ya nje.

Na kuna duka Mwanjelwa wana ThinkPad T480 iliyotumika, prosesa ya i5, RAM GB 8, SSD (diski isiyozunguka) GB 256, wanataka 650,000. Mume wangu akisikia neno "used" anatikisa kichwa.

Kiongozi wetu wa kundi naye anasema nisijisumbue, simu na SSD vinatosha.

Naona mume wangu hanielewi kazi yangu, na nikimkatalia ataona nimemdharau wakati yeye ndiye anayenidhamini. Shemeji naye nikimkatalia atanuna. Safari ijayo haiko mbali. Nifanyeje?

Mpiga Picha wa Ziwani, Mbeya

JIBU

Dada yangu, pole kwa picha zilizopotea. Picha ya harusi ikipotea unaweza angalau kumwomba bibi harusi avae tena gauni. Mbuna dume aliyekuwa anafukuza wenzake mbele ya lenzi yako hawezi kurudia. Naelewa kwa nini umetoka kwenye safari ile na uamuzi mmoja kichwani: niwe na laptopu yangu.

Barua yako nimeisoma ikiwa na maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Moja ni la picha: zilale wapi usiku ili kesho ziwepo. La pili ni la nyumbani: mkopo huu ni wa nani, na nani ana kauli juu yake. Umeyaunganisha kwa sababu yote yamefika kwenye laptopu. Naomba tuyafungue, tuanze na la picha.

Tazama tena kilichowapoteza. Diski ilianguka, ndiyo. Lakini picha zilipotea kwa sababu kadi zilikuwa zimeshafutwa, kwa hiyo diski ile ilibeba nakala pekee iliyokuwepo duniani. Ungekuwa na laptopu ya milioni nne na ukafuta kadi kila jioni, hatari ni ileile, imehama tu kutoka diski ya mwenzako kwenda kwenye mfuko wako. Wanaoshughulika na kuhifadhi data wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali tofauti. Laptopu ni njia ya kuzizalisha nakala hizo na mahali pa kuzikagua. Yenyewe peke yake inahesabika nakala moja.

Sasa tuweke hesabu yako mezani. Picha 400 kwa MB 30 ni GB 12. Video ya 4K kwa kasi ya kawaida ya megabiti 100 kwa sekunde hula MB 750 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni GB 15. Jumla GB 27 kwa siku, na kwa siku sita GB 162. Maana yake kadi mbili za GB 128 zinabeba safari nzima bila kufuta hata picha moja. Sijui kama mlishawahi kukaa na kulipigia hesabu hilo, kwa sababu linabadilisha ukubwa wa tatizo: kadi zikibaki zimejaa hadi ufike Mbeya, tayari nakala ya kwanza unayo kabla hujagusa kompyuta yoyote. Laptopu inakuja kufanya ya pili, SSD ya nje ya tatu. SSD ya nje ndiyo kitu kimoja kwenye orodha yako ambacho hakina mvutano na mtu yeyote, na ndicho ambacho MacBook ya shemeji inakiondoa kwenye bajeti. Sisemi kwa hiyo uikatae. Nasema uione hiyo kuwa sehemu ya bei yake.

Tuje kwa mashine zenyewe, na nianze na ya mume wako wa steshenari, maana wazo lake lina akili kuliko unavyolipa sifa. Familia yenye mkopo mmoja ikinunua kifaa kinachoingiza hela kila siku, marejesho yana pa kutokea. Ugumu uko kwingine. TB 1 aliyoiona ni diski ya kuzunguka, aina ileile iliyoanguka kwenye boti. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka na kichwa kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Mtikisiko wakati inafanya kazi unatosha kukikwaruzisha. Inaweza kubadilishwa kwa SSD, fundi mzuri anaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi, ila hiyo ni gharama juu ya 850,000. Celeron N4020 ina viini viwili tu, na kwa RAM GB 4 kufungua RAW moja na kuikuza kukagua kama jicho la samaki linaonekana kwa ukali kutakuchosha jioni nzima. Kunakili tu itaweza. Kuchagua picha itasuasua.

Kuna jambo lingine kuhusu mashine ya steshenari ambalo mtu asiyefanya kazi hiyo halioni haraka: flashi za wateja. Kompyuta inayochomekwa flashi ishirini kwa siku, kila moja imetoka kwenye mashine nyingine, hukusanya virusi, hasa vile vinavyoficha mafaili na kuacha vijialama vya mkato (shortcut). SSD yako ikichomekwa hapo, inaweza kurudi na ugonjwa huo. Mkiamua mashine moja, ingekuwa busara akaunti yako iwe tofauti na ya duka, flashi kujifungua zenyewe kuzimwe, na SSD ya picha isichomekwe kamwe siku za duka. Pia jiulizeni safari zako zinaangukia miezi gani. Wiki za matokeo na za kujaza fomu ndizo steshenari inavuna. Ukiondoka na laptopu wiki hiyo, mtarudi kwenye ugomvi uleule kwa jina jingine.

MacBook Air M1 ni mashine nzuri kwa kazi yako, na nitakuwa mkweli juu ya hilo. Uzito kilo 1.29. Haina feni, kwa hiyo haivuti mchanga wa Matema ndani. Betri yake hudumu muda mrefu, na chaja ya wati 30 inaitosha, kwa hiyo hata pawabenki ya kawaida yenye USB-C PD, ile inayoweza kuchaji laptopu, inaiamsha. Skrini yake inaonyesha rangi kwa uaminifu, na kwa picha za majini, ambazo rangi nyekundu humezwa na maji mita chache tu chini, hilo ni jambo kubwa. Upungufu wake: haina mlango wa kadi, ina milango miwili ya USB-C basi. GB 256 zake ukiondoa mfumo na programu zako hazibaki na nafasi ya kutosha zaidi ya safari moja, na haziongezeki, kwa sababu hifadhi imechomelewa kwenye ubao mkuu. Maji yakiingia na ubao ukafa, hakuna diski ya kuchomoa na kuipeleka kwa fundi mwingine. Tena, diski zilizofomatiwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, kutoka kwenye kompyuta ya duka itazisoma lakini haitaziandikia. SSD yenu italazimika kuwa exFAT, mpangilio mwingine, ili iongee na pande zote mbili. Kabla hela haijatoka, shemeji atoe akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, aifute mashine, na ninyi muianzishe upya ikiwa kwenye intaneti. Ikidai nenosiri la mtu mwingine au kusema inasimamiwa na kampuni, simama hapo.

Na swali lisilo la kiufundi: ikifa mwezi wa tatu ukiwa hujamaliza kulipa, utamwambia nini shemeji? Muuzaji wa Mwanjelwa unaweza kugombana naye ukahama duka. Shemeji mtakutana naye kwenye kila msiba na kila harusi. Wengine hupatana vizuri kwenye biashara za ndugu, tena kwa karatasi yenye tarehe na sahihi. Wewe ndiye unayeijua familia hiyo.

T480 ina mlango wa kadi ya SD ya ukubwa kamili, RAM na SSD zake hubadilishwa kwa bisibisi, na ina betri mbili, moja ndani na moja nje, hivyo ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima. Inachajiwa kwa USB-C. Wasiwasi wa mume wako juu ya mitumba hauna ubaya wowote. Unahitaji tu kujibiwa kwa vipimo badala ya kwa maneno. Ya kwanza: T480 ziliuzwa zikiwa na prosesa za kizazi cha saba na cha nane. Soma namba inayofuata i5. Ianze na 8, kwa mfano 8250U au 8350U, kwa sababu Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025 na Windows 11 rasmi inakubali kuanzia kizazi cha nane. Ya pili: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, betri mpya iingie kwenye mapatano ya bei. Ya tatu: washa, bonyeza Enter halafu F1, uone kama inaingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya msingi ya mashine, bila kuomba nenosiri. Baadhi ya mashine za ofisi za nje huuzwa zikiwa zimefungwa, na kufuli hilo haliondoki kirahisi. Ya nne, na hii wauzaji wengi hawaitaji: programu ya ndani ya kidhibiti cha Thunderbolt, kinachoendesha mlango wa USB-C, kwenye matoleo ya awali ilikuwa na kasoro inayoharibu mlango wa USB-C kadiri muda unavyokwenda. Lenovo walitoa sasisho. Jaribu kuchaji kwa mlango huo, chomeka SSD hapo hapo, na kama sasisho halijawekwa, liwekwe kabla ya safari. Skrini nyingi za T480 ni hafifu kwa mwanga na kwa rangi, kwa hiyo kalenda usizipeleke kwa mchapaji kwa kuiamini skrini hiyo peke yake.

Kiongozi wa kundi lenu hakukosea, ila amelifupisha. Simu yenye USB-C inaweza kunakili kadi kwenda SSD kwa kutumia habu, yaani kigawanya milango, yenye mlango wa kuingizia umeme. Bila umeme wa pembeni, SSD na kisoma kadi hunyonya simu, na ikiishiwa nguvu katikati, faili la mwisho hubaki nusu. Simu nyingi za Android hazisomi NTFS, nyingine hata exFAT hukataa, na skrini ikizimika kuna simu zinazosimamisha kunakili kimyakimya. Kubwa zaidi, simu haikulinganishii nakala na kadi kwa urahisi. Kwa mtu anayeanza na kadi mbili kubwa na SSD, ni njia ya kuvukia safari moja bila mkopo wowote. Ukiifuata, ijaribu sebuleni kwanza.

Kuhusu mawingu, yaani kupandisha picha mtandaoni kila usiku, piga hesabu mwenyewe: GB 27 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde ni saa 30. Picha ishirini bora za JPEG, MB 10 kila moja, ni chini ya robo saa. Hizo zipandishe. Zingine zisubiri nyumbani.

Sasa jioni yenyewe, kwa sababu hata ukichagua mashine yoyote kati ya hizi, hapo ndipo picha hufa au kupona. Kasha la kamera lifunguliwe likiwa limekauka na mdomo ukiwa umeelekea chini, nywele zako zimefungwa kitambaa, kwa maana tone moja kutoka kichwani likitua kwenye mlango wa kadi limekumaliza. Kadi itoke kwa mikono mikavu. Sukuma kile kiswichi cha pembeni kuifunga isiandikwe. Napendelea kisoma kadi cha nje hata pale laptopu ina mlango wake, kwa sababu mchanga mwembamba wa ufukweni ukiingia kwenye kisoma cha nje unatupa kitu cha bei ndogo, ukiingia kwenye laptopu unafungua laptopu. Tengeneza folda yenye tarehe na namba ya kadi. Nakili, usihamishe: kuhamisha hufuta kule ulikotoka, na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki huna huku wala kule. Kwenye Windows kuna TeraCopy, ambayo ukiiamuru ihakiki inasoma tena faili zote mbili na kuzilinganisha. Kisha nakili kwenda SSD moja kwa moja kutoka kwenye kadi ileile. Usichukue ile nakala ya laptopu, kwani kosa lililoingia kwenye nakala ya kwanza lingerithiwa na ya pili. Linganisha idadi ya mafaili, fungua picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho kwa ukubwa kamili, ndipo utoe SSD kwa utaratibu. exFAT haina daftari la kumbukumbu za kujirekebisha kama NTFS. Ukiichomoa ghafla unaweza kukuta folda nzima haisomeki.

Kwa mlango wa USB 2.0, GB 27 ni kama dakika 13. Kwa USB 3 na kadi ya kasi ya kawaida (UHS-I), dakika tano au sita. Tofauti hiyo haistahili kukuongezea laki kadhaa za mkopo, kwa mtazamo wangu.

Usiku SSD ilale kwenye begi la mtu mwingine au chumba kingine, kadi zikae na wewe, laptopu ibaki chumbani na isipande boti. Jenereta likiwashwa, subiri litulie kabla ya kuchomeka chaja, na upite kwenye kilinda umeme. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa (Wh) 74, chini ya kikomo cha Wh 100 ambacho mashirika ya ndege hukubali ndani ya kabini, endapo siku moja utakwenda kuzamia Mafia. Hakikisha inatoa wati 45 kwenda juu kama unachukua T480.

Wewe wa Mbeya una adui mwingine ambaye mpiga picha wa pwani hamjui sana. Unaondoka alfajiri ya Juni kwenye baridi ya Uyole, vifaa vyote vimepoa, unateremka Tukuyu, unafika Kyela kwenye joto la unyevu. Ukifungua begi papo hapo, hewa ile inagusa chuma baridi na kutoa jasho, ndani ya laptopu na ndani ya lenzi. Viache kwenye mfuko uliofungwa saa moja au mbili mpaka vipate joto la mahali. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu visaidie, vikaushwe kila safari.

Na kwa kuwa unazamia kwa mtungi, niongeze la afya yako, maana nalo linagusa ratiba ya picha. Ziwa Nyasa lenyewe liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kurudi hupita zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Kwa mwili ambao bado una naitrojeni iliyoingia wakati wa kuzamia, kupanda huko mapema ni hatari sawa na kupanda ndege. Mwongozo unaotumiwa na wazamiaji kabla ya kuruka ni saa 12 baada ya mzamo mmoja, saa 18 baada ya mizamo kadhaa au siku kadhaa za kuzamia. Ukitoka majini mara ya mwisho saa nane mchana, saa 18 zinatimia saa mbili asubuhi. Usiku huo wa kusubiri usiutumie kufungasha tu. Ndio usiku wa kukagua nakala zote za safari kwa utulivu.

Nirudi nyumbani kwako. Umeandika kwamba mume wako haelewi kazi yako. Nimesoma tena yale aliyoyasema, na nimeona mtu anayezungumza juu ya marejesho: mashine ifanye kazi kila siku, iwe mpya, isife mapema. Hakuna mahali umeandika kwamba alisema picha zako hazina maana. Inawezekana alisema siku nyingine, na wewe ndiye uliyekuwepo. Lakini je, amewahi kuona kwa hesabu kalenda za mwaka jana zilileta kiasi gani, na picha zilizopotea zingeuzwa kwa kiasi gani? Mtu anayedhamini deni huogopa zaidi kile asichokiona kwenye karatasi.

Unaweza kumwendea na pendekezo la kugawa ununuzi katika hatua mbili: kwanza kadi mbili, kisoma kadi na SSD ya TB 1, bila mkopo au kwa mkopo mdogo, kwa simu au laptopu ya kuazima safari moja, laptopu ije baada ya kalenda. Hatari yake ni kwamba utategemea watu tena, na kuchagua picha kutachelewa. Unaweza kumwomba aje Mwanjelwa, afanye vile vipimo vinne kwa mkono wake mwenyewe. Anayeishi kwa mashine za kopi anajua kukagua kifaa kilichotumika, na huenda "used" ikapungua kumtisha. Unaweza pia kukubali mashine moja ya nyumba, mkaandika siku zako na siku zake. Hiyo inalinda amani ya leo. Inakudai nidhamu kubwa ya flashi na ya ratiba. Na unaweza kusimama kwenye MacBook, ukijua deni litakuwa la pande mbili, VICOBA na ukoo.

Chochote mnachoelekea, fanyeni majaribio kabla ya hela ya laptopu kutoka. SSD mtakayonunua ijazwe yote na H2testw usiku kucha. Ni programu ya bure, inaandika mpaka mwisho na kusoma tena, na inaumbua zile diski zilizoandikwa TB 2 kumbe ndani ni GB 32. Jaza kadi GB 27 za picha na video, kaa na mashine mnayoifikiria, mume wako akiwa kando, zima umeme wa ukutani, kisha fanya kazi yote ya jioni kwa betri: nakala mbili, uhakiki, kufungua picha, kuchagua ishirini. Mwangalie yeye pia anapoitazama kazi hiyo. Huenda ikawa mara yake ya kwanza kuiona.

Kadi zisifutwe mpaka nakala moja iwe Mbeya kwenye diski isiyosafiri. Zifutwe ndani ya kamera, siyo kwenye kompyuta.

Nisalimie mume wako na watoto, na mbuna wa Ikombe wakusubiri.